Miti ya Ukambani Isomwe kwa Magome

Njoo Agosti au Septemba. Wengi watakushauri usubiri mvua za vuli, pori la Kitui na Makueni liwe kijani. Mimi nasema njoo kiangazi, miti ikiwa uchi. Majani yakishachipua, macho ya mgeni hayatofautishi kitu.

Anzia Kibwezi, ushike lami inayovuka Mto Athi kwenda Ikutha, Mutomo hadi Kitui. Mbuyu hauhitaji mwongozaji. Wakamba huuita muamba, na sehemu kubwa ya mwaka husimama bila jani, maji yakiwa yamehifadhiwa katika shina lake laini. Maua yake hufunguka usiku, na popo huyachavusha.

Sasa simamisha gari penye vichaka vya jamii ya manemane. Vingi vina wenyewe, kwa hiyo piga hodi kwanza. Gome linabambuka kama karatasi ya sigara. Bandua kipande kilichokwisha kulegea: chini yake ni kijani kibichi. Hata bila majani, mti huu hujitengenezea chakula kwa gome. Nusa vidole vyako. Harufu ya utomvu itakufuata hadi chakula cha jioni.

Kwa migunga, tazama miiba. Mulaa una ya aina mbili kwenye tawi moja, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda, na maganda yake yamejisokota. King'olola, unaotoa gundi, una kulabu tatu tatu, ya kati ikiinama chini. Malapa yaache hotelini.

Mukau ndio fahari ya huku. Mbao zake nyekundu mchwa hawaziwezi, ndiyo maana porini ulikatwa sana na sasa wakulima wanaupanda mashambani. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Kitui na imeushughulikia kwa miaka mingi, pitia hapo.

Ukirudi Kibwezi, ingia msituni kwenye chemchemi za Umani. Mvua ya milima ya Chyulu hupenya mawe ya volkano na kutokea hapa, basi katikati ya ukame utakuta miti mirefu na kivuli kizito.

Msandali nao umo vilimani. Mafuta yake yako zaidi kwenye mizizi, hivyo wezi huung'oa mzima. Kuuvuna kumepigwa marufuku Kenya tangu 2007. Ukiletewa kipande ununue, kikatae.