Akili Inayofanya Kazi Bila Kuulizwa
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa na milima ya Mbinga

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Kihagara, vijiji vingine vya mwambao, na ndugu zao walioko milimani Mbinga. Unaweza kukisoma peke yako, lakini kitafaa zaidi kikisomwa kwa sauti kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA), darasani, au nyumbani baada ya chakula cha jioni, watu wakapata nafasi ya kuulizana maswali.

Tumekiandika kwa sababu watu wengi wanajidharau bila haki. Baba anaapa mwezi wa Juni kwamba safari hii fedha za kahawa hazitapitia kilabuni. Ikifika Januari, mama watoto anazunguka kutafuta mkopo wa ada. Kijana wa kidato cha tatu anaazimia kusoma kila usiku, wiki ya pili daftari halifunguliwi. Majirani husema hawana msimamo, na wenyewe huishia kuamini hivyo. Ukweli ni kwamba waliapa kwa ngazi moja ya akili, na maisha ya kila siku yakaendeshwa na ngazi nyingine ambayo haikushirikishwa kwenye kiapo. Tuzitazame ngazi hizo, za juu, kati na chini, moja baada ya nyingine.

NGAZI YA JUU: AKILI UNAYOISIKIA IKIWAZA

Unapohesabu chenji, unapopanga maneno ya kumjibu mwenyekiti wa kitongoji, unapoamua kama uingie ziwani leo au usubiri upepo utulie, unatumia ngazi hii. Wataalamu huiita ung'amuzi. Ina uwezo wa kupima na kuchagua, ila nafasi yake ni finyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu hushika akilini vitu saba hivi kwa wakati mmoja, na watafiti waliokuja baadaye wamesema ni kama vinne tu. Mwombe mwenzako akusomee mara moja namba ya simu usiyoijua, kisha akuulize habari za nyumbani kabla hujaitaja. Utaona ilivyopotea.

Njaa, usingizi haba na wasiwasi wa deni hupunguza zaidi nafasi hiyo. Kwa hiyo mama aliyembeba mtoto mwenye homa kali anaweza kuelezwa vizuri namna ya kutoa dawa, akafika nyumbani hakumbuki ni vidonge vingapi. Asionekane mzembe. Aandikiwe kwenye karatasi, au aambiwe arudie maelezo kwa mdomo wake kabla hajaondoka.

NGAZI YA KATI: GHALA LA KUMBUKUMBU

Hapa yamo mambo usiyoyawaza sasa hivi, lakini ukiulizwa unayapata: jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza, njia ya kwenda Liuli, bei ya dagaa msimu uliopita. Ghala hili huvuja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: baada ya siku moja, takriban theluthi moja tu ya alichojifunza ndiyo ilikuwa imebaki. Aliona pia kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huzuia uvujaji huo kuliko kukariri kwa mkupuo. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani anapoteza mara mbili, kwa sababu usingizi nao ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyakaza yaliyosomwa mchana. Dakika 20 leo, 20 keshokutwa na 20 wiki ijayo, kisha kulala vya kutosha, zina faida kuliko kibatari cha usiku kucha.

NGAZI YA CHINI: UNG'AMUZI BWETE

Hii ndiyo ngazi inayobeba sehemu kubwa ya maisha yetu, nasi tunaijua kidogo kuliko zote.

Mtazame mama wa Kimatengo akilima ngoro kwenye mteremko. Nyasi zimekatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka zikaunda miraba, naye anachimba udongo wa katikati na kufunika nyasi zile, shimo linabaki la kukinga maji ya mvua yasiporomoshe shamba. Mkono wake unajua jembe lishuke wapi huku yeye anazungumza na wifi yake habari za harusi. Kadhalika mvuvi anayerudi na dagaa alfajiri: wimbi likiinua mtumbwi, mwili wake unaegemea upande unaotakiwa kabla hajawaza lolote. Ukimwomba akueleze anafanyaje, atakuambia uingie mtumbwini ujifunze.

Ushahidi ulio wazi kuhusu ngazi hii ulitoka kwa mgonjwa wa Marekani, Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio: daktari akitoka chumbani na kurudi, alikuwa mgeni kwake. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu Molaison alizidi kuchora vizuri, na kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi ile. Kitu ndani yake kilikuwa kimejifunza bila yeye kujua.

Daktari wa Vienna, Sigmund Freud, alikuwa ameandika mwaka 1915 kwamba mengi ya nafsi hutendeka mahali tusipopaona. Mafundisho yake kadhaa yameachwa na wanasayansi, lakini hilo limesimama.

Ngazi hii haichagui cha kujifunza. Inapokea ustadi wa kasia, na kwa njia ileile inapokea woga, chuki na maneno ya matusi. Mtoto anayeambiwa kila siku "huna akili kama baba yako" hahitaji kuyaamini maneno hayo ili yamdhuru. Yakirudiwa vya kutosha, anaweza kuwa mtu mzima anayenyamaza kwenye mkutano wa kijiji hata akiwa na hoja nzuri, na akiulizwa kwa nini, hana jibu. Tunawasihi wazazi na walimu walipokee jambo hili kwa uzito wote. Maneno ya nyumbani ni malezi sawa na chakula.

TAHADHARI KUHUSU WANAOUZA "NGUVU ZA AKILI"

Wapo wanaotangaza kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba kwa malipo watakufungulia iliyobaki. Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yake, na picha za kitabibu huonyesha sehemu zake zote zikifanya kazi. Hakuna chumba kilichofungwa kinachosubiri ufunguo wa mtu. Wala kutamka utajiri kila asubuhi hakuleti utajiri. Usiuze mahindi ya chakula ulipie semina ya namna hiyo.

NAMNA YA KUIFUNDISHA NGAZI YA CHINI

Ngazi hii haisikii viapo. Inaelewa marudio, mahali na watu.

Kuhusu marudio, kuwa na subira. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kutembea. Kwa kawaida ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa mazoea, lakini kwa wengine siku 18 na kwa wengine zaidi ya 200. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayeteleza Jumapili aendelee Jumatatu.

Kuhusu mahali, funga azimio lako kwenye tukio linalokuja lenyewe. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu anayesema "likitokea hili, nitafanya hili" hutimiza nia yake kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Baba wa kahawa aseme hivi: "Nikilipwa na chama cha ushirika (AMCOS), naenda moja kwa moja kwa mweka hazina wa kikundi kuweka ada, ndipo nirudi nyumbani." Na aende na mkewe. Siku hiyo asiipitie njia ya kilabu hata kama ndiyo fupi, maana miguu yake imeizoea kwa miaka mingi.

Watu ndio wenye nguvu kuliko yote hayo. Anayeacha pombe huku marafiki zake wote wakiwa kilabuni anapambana peke yake kila jioni. Kwaya, timu ya mpira, kikundi cha uvuvi au cha kusoma humpa jioni nyingine.

MAWAZO YANAPOLEMEA

Majeraha mengine hayaondoki kwa mazoea mapya. Aliyeponea chupuchupu ziwani, aliyefiwa ghafla, aliyepigwa au kudhalilishwa utotoni anaweza kukosa usingizi kwa miezi, kushtuka ovyo, kukasirika bila sababu au kukata tamaa. Zimbabwe wanalo neno la Kishona kwa kuwaza kunakopita kiasi: kufungisisa. Kuanzia mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi na wenye hali hiyo kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kushughulikia tatizo moja kwanza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Huku kwetu pia wapo shangazi, babu, wachungaji na mapadri wanaojua kusikiliza na kutunza siri. Waendee.

Ikiwa hali imezidi wiki mbili, au mtu anazungumzia kujiua, asiachwe peke yake. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo na uombe rufaa ya hospitali. Kwenda kutibiwa akili si aibu, na Tanzania inayo Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008. Mtoto anayeteswa, au mtu mzima aliyeona mtoto akiteswa, apige simu namba 116 bila malipo.