Njeo katika Kurudia Muswada wa Tawasifu

Tawasifu huandikwa baina ya vipindi vya darasa, misiba na kazi za nyumbani. Kwa hiyo "sasa" ya sura ya kwanza siyo "sasa" ya sura ya mwisho. Shaaban Robert (1909–1962), aliyekuwa mtumishi wa serikali, aliacha tawasifu yenye sehemu mbili, *Maisha Yangu* na *Baada ya Miaka Hamsini*. Kila sehemu ina wakati wake.

Mwandishi wa makala haya, aliporudia muswada wake, alikuta sentensi: "Mama hupenda kahawa chungu." Mama alikwisha fariki. Kuandika "alipenda" ni kusahihisha njeo, lakini pia ni kufuta ushahidi kwamba sura iliandikwa akiwa hai. Tunapendekeza *hu-* ibaki, na tarehe ya kuandikwa itajwe mwishoni mwa sura.