Kitufe Kimoja, Mota Moja: Somo la Vijana wa Malolo



Katika toleo hili tunawashirikisha somo tulilofanya na vijana wa Malolo: kuandika programu ili mota ya roboti ndogo izunguke pale mtu anapobonyeza kitufe cha joistiki. Swali tumeshaulizwa na wanakamati wawili watatu: roboti za nini kwenye nchi ya ufuta na korosho? Tunaomba wenye swali hilo watuvumilie mpaka tufike kwenye mashine ya kusaga.

Vifaa vilikuwa vichache. Kibao cha Arduino, ambacho kilianza Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Joistiki ambayo kitufe chake hubonyezwa kwa kushindilia kijiti chini. Mota ndogo ya volti 6. Kibao cha kati kiitwacho L298N. Betri, waya, na kompyuta moja ya kuazima.

Vijana walitaka kuunga mota moja kwa moja kwenye Arduino. Tuliwazuia. Pini moja ya Arduino Uno haifai kutolewa zaidi ya miliampia 20, na ikifika 40 ndiyo mwisho wake, wakati mota ndogo inapoanza kuzunguka huweza kudai mia kadhaa. Kibao kingeungua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Arduino hutoa amri tu, na L298N ndiyo inayochukua nguvu ya betri na kuipeleka kwenye mota. Ni kama katibu anayeandika hati ya malipo. Fedha yenyewe iko kwa mtunza hazina. Ila waya hasi wa betri na ule wa Arduino lazima viunganishwe pamoja, la sivyo amri haieleweki.

Kitufe nacho kilitusumbua. Pini ya kitufe kilichoachiwa haina kitu cha kuishikilia, hivyo mara inasoma 1, mara 0, na mota ikawa inashtuka kila mtu alipopitisha mkono karibu na waya. Mmoja akasema ina pepo, tukacheka sana. Dawa ni kuamuru, ndani ya programu, pini ivutwe juu na rezista iliyomo ndani ya kibao chenyewe. Hapo kitufe kilichoachiwa husomeka 1 daima, na kilichobonyezwa husomeka 0. Wengi waliona ni kinyume. Tuliwaambia wakubali kwanza, sababu itakuja.

Programu yao ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, ilikuwa hivi:

Soma kitufe. Kama ni 0, washa mota. Rudia.

Wakabonyeza, mota ikazunguka, makofi yakapigwa. Wakaachia kitufe, mota ikaendelea kuzunguka. Kibao hurudia maagizo mara maelfu kwa sekunde, lakini hurudia yaliyoandikwa tu, na hakuna aliyekuwa ameandika habari ya kuzima. Ilibidi kuongeza mstari: kama sivyo, zima mota.

Hapa ndipo ilipo mashine ya kusaga. Katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja tulikuta mashine ya umeme ambayo swichi yake ya kuzimia ilikuwa mbovu siku nyingi, na kijana alikuwa akiusukuma mkanda kwa ubao ili utoke ilhali gurudumu linazunguka. Vidole vyake vilikuwa vizima, kwa rehema za Mungu. Kamati ilijua kuwasha, na taarifa ya robo mwaka ilisema mashine inafanya kazi vizuri.

Baada ya habari hiyo, binti mmoja akauliza: waya wa kitufe ukikatika je? Tukamwambia auchomoe mota ikizunguka. Aliuchomoa, ikasimama. Pini ilivutwa juu, ikasoma 1, yaani kitufe kimeachiwa. Ndiyo sababu ya ule ukinyume: kosa likitokea kwenye waya, mashine inasimama badala ya kukimbia. Starta ya mashine ya kusaga iliyofungwa ipasavyo nayo ina tabia hiyo. Umeme ukikatika na kurudi, haijiwashi mpaka mtu abonyeze tena.

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa habari za mashine zisizo na wenyewe. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta matrekta mengi, na hata reli kutoka pwani, ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa wafadhili wetu: vifaa vya somo hili si gharama kubwa. Gharama ni nauli na siku za mwalimu, kwa kuwa somo la kitufe kimoja lilichukua siku mbili nzima, na kompyuta ikiwa moja wengi hubaki watazamaji. Kompyuta zilizotumika zinatosha kabisa.

Kwa kamati zenye mashine za kusaga au pampu: kabla ya mkutano ujao, mwombeni mwendeshaji azime mashine mbele yenu kwa swichi yake yenyewe, kisha mwandike mlichokiona kwenye taarifa. Isipozimika, isitumike mpaka fundi umeme mwenye leseni aifike.