UFUATILIAJI WA GUGU KAROTI: SOMO LA KARAGWE NA KYERWA

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huchanganya migomba, kahawa na maharage katika shamba moja. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda, na watu, magari na mizigo huvuka mpaka huo huko Murongo. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, limekwisha kuingia Uganda. Na Tanzania Bara liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Kwa hiyo wilaya hizo zinapaswa kulifuatilia kwa makini.

Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo hudumu ardhini kwa miaka kadhaa. Husafiri kwa tope la magurudumu, kwato za mifugo, maji ya mafuriko na mbegu za mazao zisizopepetwa vizuri. Gugu hilo hutoa kemikali zinazodumaza mimea mingine, huharibu malisho, hutia uchungu katika maziwa, na huwasababishia watu muwasho wa ngozi na pumu.

Ufuatiliaji huanza kwa mkulima mwenyewe. Akague kingo za barabara, mazizi na mipaka ya shamba kila baada ya mvua. Aonapo mche anaoushuku, amjulishe bwana shamba, ili taarifa iifikie wilaya na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2020. Mche ung'olewe na mizizi yake kabla ya kutoa maua, kwa mikono iliyovikwa glavu, ukaushwe na kuchomwa. Uliokwisha kuchanua ufungwe kwanza ndani ya mfuko, mbegu zisipukutike. Anayesubiri maua amekwisha kuchelewa.

Somo hilo lavihusu pia visiwa vya Unguja na Pemba, kwani bandari ni mpaka kama ulivyo Murongo. Wananchi wanaopokea mbegu, majani ya mifugo au wanyama kutoka Bara wanakumbushwa kuvikagua vitu hivyo mapema, na kutoa taarifa kwa Sheha au bwana shamba bila ya kuchelewa.