Mlima Ukiungua na Kianzio Umeshalipa

Oktoba 2020 moto wa Kilimanjaro ulionekana usiku kutoka mbali, mstari mwekundu umejikunja juu ya giza la msitu. Ulianza Jumapili ya tarehe 11, eneo la Whona, pale wapandaji wanapokaa kula na kupumzika kati ya vibanda vya Mandara na Horombo, kwenye njia ya Marangu. Watumishi wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda kuupiga, wengine wakiwa na matawi mabichi tu mkononi. Mwisho wake Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitaja kilomita za mraba 95.5 zilizoungua. Picha zilizunguka dunia, na mtu aliyekwisha kulipa kianzio kwa kampuni ya kupandisha watalii alibaki na swali moja: niende, au nidai hela yangu?

Swali hilo hurudi kila baada ya miaka michache, kwa moto au kwa maji. Anayelijibu vibaya kwa kawaida ameamua kwa kusikia neno "Kilimanjaro" kwenye taarifa ya habari, basi. Hifadhi ile ina kilomita za mraba zipatazo 1,700. Eneo lililoungua mwaka 2020 ni kubwa na hasara yake kwa mlima ni ya kweli, lakini halifiki asilimia 6 ya hifadhi. Upande wa Londorosi, magharibi, ulikuwa mbali kabisa na Whona. Kwa hiyo kabla hujauliza kama mlima uko salama, uliza ni upande gani, kimo gani, na njia yako inapita wapi.

Hapo kwenye njia pana jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Watu huangalia njia ya kupandia na kuisahau ya kushukia. Machame, Lemosho na Umbwe zina majina na mageti tofauti, lakini kwa kawaida zote hukutana Barranco, zikapita Karanga, zikafika Barafu, na wote wakashukia Mweka. Rongai unaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, lakini ukitoka kileleni unashukia Marangu. Sasa fikiria mtu aliyelipia Rongai mwaka 2020. Angejiambia, "Moto uko Marangu, mimi haunihusu," kumbe siku ya tano au ya sita angeteremka hadi Horombo na kukuta majivu mbele yake. Moto wa Oktoba 2022 ulizuka karibu na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu ya bahari. Ulikuwa mdogo ukilinganisha na ule wa kwanza, lakini ulikaa penye njia panda: aliyelipia Machame na aliyelipia Lemosho wote ulikuwa unawahusu. Kwa hiyo chukua ramani, weka kidole mahali palipotajwa, kisha fuatisha siku zako moja moja mpaka geti la kutokea.

Halafu piga simu. Usiandike ujumbe mrefu wa kuuliza hali. Utajibiwa kwa picha ya kilele na kidole gumba. Piga, salimia vizuri, kisha uliza mambo yanayojibika. Mazungumzo ya kawaida ya watu wa Moshi, mji ulio chini ya mlima, huenda hivi:

"Kaka, shikamoo ya mlima. Hali ikoje huko?"

"Salama tu dada, karibu sana. Mlima upo."

Mlima upo, hilo halina ubishi. Umekuwepo tangu zamani. Uliza hivi: "Kundi lenu la mwisho limeshuka lini na kwa njia gani? Wamelala kambi zipi? Maji ya kupikia Karanga wanayachota wapi sasa?" Swali la maji ni zuri kwa sababu asiyekuwepo mlimani hawezi kulibuni jibu lake. Kampuni yenye watu juu itakupa siku na jina la kambi bila kusita, au itakuambia, "Subiri nimpigie kiongozi wetu." Simu siku hizi hupatikana sehemu nyingi za mlima, na mwaka 2022 serikali ilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720. Kampuni ikishindwa kupata taarifa za juu kwa siku nzima, tatizo si mtandao.

Ukiambiwa tunakubadilishia njia, usifurahi wala usikasirike kabla ya kuhesabu siku. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu aliyelipia Lemosho ya siku nane akikubali Marangu ya siku tano "kwa sababu ya dharura" ameukwepa moto akaenda kukutana na ugonjwa wa mwinuko, ambao ndio hatari ya kila siku mlimani, moto uwepo usiwepo. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi kabla ya mita 5,895. Kubali njia mbadala yenye siku zilezile au zaidi. Ikiwa ni Marangu, dai siku sita, moja ya ziada ukae Horombo. Kumbuka pia kwamba Marangu watu hulala kwenye vibanda, na vitanda vya Mandara, Horombo na Kibo vina idadi yake. Njia nyingine ikifungwa na makundi yakahamishiwa huko, nafasi hujaa. Taka uthibitisho wa kitanda, si ahadi.

Kuna njia moja ambayo sitaki uijadili kwa bei. Ukuta wa magharibi, ule unaopita kambi ya Arrow Glacier kuelekea kreta, ulimwaga mawe tarehe 4 Januari 2006 na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Ulifungwa, baadaye ukafunguliwa tena. Mawe yale yameshikiliwa na barafu, na barafu ya Kilimanjaro inapungua. Kampuni ikikuambia huo ni mbadala wa mkato wakati kwingine kuna shida, kataa na udai hela yako.

Moto una faida moja kwa mpangaji wa safari: msimu wake unajulikana. Hutokea mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, nyasi na vichaka vya juu ya msitu vikiwa vimekauka kama karatasi, na vuli ikishuka hali hubadilika. Kwa hiyo safari ya wiki tatu au nne mbele, moto ukiwa umedhibitiwa, mara nyingi hakuna sababu ya kuivunja. Utaona vichaka vyeusi, viatu vitachafuka kwa masizi, lakini njia itapitika. Safari ya kesho kutwa huku moshi bado unafuka upande wako ni habari nyingine, hasa kwa mwenye pumu: hewa ya juu ni haba tayari, ya nini kuongeza moshi? Wanaopanda kila Desemba ili tarehe 9, Siku ya Uhuru, iwakute kileleni huwa na wiki za kutosha katikati. Wao wasihangaike na moto wa Oktoba, wajiandae na mvua.

Mvua ndiyo inayonifanya nimwambie mtu aahirishe. Aprili 2024, mvua za El Niño zilipoungana na masika, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge tarehe 25 kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko. Mji wa Moshi nao haukupona. Hapa inabidi mgeni aielewe ardhi ya mji huu. Mvua inayoleta maafa kwa kawaida hainyeshi pale unapolala. Inanyesha juu, kwenye msitu, juu ya Kibosho na Uru na Mbokomu, halafu maji yanashuka kwa kasi katika mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu na Rau, yanapita pembezoni mwa mji na kwenda kutapakaa tambarare ya Mabogini, Kahe na Arusha Chini. Unaweza kukaa Moshi mjini jua linawaka, unakunywa kahawa, na mto ulio nyuma yako unabadilika rangi. Ukiona maji yamegeuka rangi ya udongo ghafla na yamebeba matawi, usivuke, hata kama dereva wa bodaboda anasema amezoea.

Kwa hiyo kama ulichopanga Aprili au Mei si kilele bali ni matembezi ya chini, kila sehemu iangalie kivyake. Njia ya maporomoko ya Materuni ni udongo wa mteremko. Mvua ikikaza hata wenyeji huikanyaga kwa tahadhari, na bonde lenyewe ni jembamba. Chemchemi za Chemka zenyewe hazina shida kubwa, shida ni barabara ya vumbi inayotoka Bomang'ombe, ambayo mvua ikipiga vumbi lake linakuwa tope la kunasa gari dogo. Nyumba ya wageni iliyo kando ya mto kwenye tambarare, hamisha. Mjini katikati hutapata taabu zaidi ya kulowa. Na kama mpango ni kumtembelea bibi kihambani Marangu au Rombo, hilo si la utalii, muulize yeye. Atakuambia kama mfongo, yaani mfereji wa maji, umebomoka na kama gari litafika mlangoni au utashukia barabarani.

Kilele wakati wa masika? Makampuni hupunguza bei, na bei haipungui bure. Tope msituni, theluji juu, mawingu siku nzima, hema halikauki. Anayeshikilia kwenda aangalie Rongai, maana upande wa kaskazini hupata mvua pungufu. Mimi ningesogeza hadi nusu ya pili ya Juni.

Jambo jingine la mvua ni njia ya kufikia. Anayetoka Dar kwa basi hupita Segera, Mombo, Same na Mwanga hadi Himo, na daraja moja likiondoka safari yote inasimama. Treni ilirudi Moshi Desemba 2019, lakini reli nayo hupita tambarare hizohizo. Panga ufike Moshi siku mbili kabla ya kupanda, si usiku wa kuamkia. Anayetoka Kenya kupitia Taveta na Holili aulize tu barabara. Anayetua uwanja wa ndege wa KIA ana unafuu kuliko wote.

Na kabla ya kuogopa, hakikisha maafa yenyewe yako wapi. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80 yalitokea Katesh, chini ya mlima Hanang, mkoa wa Manyara, ng'ambo ya Babati. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikuwa cha pwani, Mafia na kusini mwake. Kwa mtu aliye Muscat au Minneapolis yote hayo ni "Tanzania", na ndugu zake watamsihi asisafiri. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja mikoa kwa majina. Isome ya Kilimanjaro, uwatumie na wao.

Tuje kwenye hela. Ada za hifadhi ndizo zinazokula sehemu kubwa ya bei: kwa mgeni asiye mkazi, safari ya siku saba hupita dola 800 kwa ada peke yake. Ada hizo hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, na risiti hutoka. Kampuni ikikuambia haiwezi kurudisha chochote kwa kuwa "tumeshalipa hifadhi", omba kuona risiti yenye tarehe ya safari yako. Mara nyingi malipo hayo hufanywa siku chache kabla ya kupanda, kwa hiyo anayeahirisha mapema ana nguvu ya kuzungumza na anayeahirisha getini hana. Omba tarehe mpya kabla ya kuomba marejesho. Ni rahisi zaidi kwa kampuni kukubali, na wewe hupotezi. Ila tarehe hiyo iandikwe, na iandikwe kwamba bei haibadiliki. Mwenye bima ya safari aangalie aliikata lini. Bima iliyokatwa baada ya janga kutangazwa kwa kawaida hailipi janga hilo, na bima nyingi hazilipi hofu: hifadhi ikiwa wazi na wewe umeamua tu kutokwenda, hasara ni yako. Angalia pia kama inagusa kupanda milima hadi mita 6,000. Nyingi huishia chini ya hapo.

Mwisho kuna watu ambao hawamo kwenye mkataba wako. Mpandaji mmoja hufuatwa na kiongozi, mpishi na wagumu kadhaa wa kubeba mizigo, na hao hulipwa kwa siku za mlimani. Hakuna safari, hakuna posho. Sisemi uende ukahatarishe maisha ili wao wale. Wao ndio wa kwanza kuingia kwenye moto na tope. Lakini ukishaamua kutokwenda, sema mapema, usingoje hadi usiku wa kuamkia safari ukazima simu. Mgumu aliyekataa kundi lingine kwa ajili yako hana pa kukudai. Ikiwezekana, muachie kiongozi wako kitu kidogo kwa M-Pesa, umwambie agawane na wenzake, kisha umtajie tarehe unayorudi.