Magonjwa ya Akili: Dalili Zake, Gharama ya Kuchelewa na Haki za Mtumiaji wa Huduma

Utangulizi

Mtumiaji wa huduma za afya ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote. Hutoa fedha, muda na imani yake, naye ana haki ya kujua anapewa nini, kwa nini anapewa na nini kitafuata. Katika magonjwa ya akili haki hiyo hupotea mapema, kwa sababu mara nyingi familia huanza kununua tiba kabla haijaambiwa ugonjwa ni upi. Mkoani Simiyu, ambako kaya nyingi huweka akiba yao katika ng'ombe na pamba, ununuzi wa namna hiyo unaweza kumaliza zizi zima na mgonjwa akabaki alivyokuwa.

Somo hili linaeleza ugonjwa wa akili ni nini, dalili zake, mzigo wake kwa jamii, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyadai anapotafuta tiba. Shabaha yake ni kumsaidia msomaji kufupisha muda unaopita kati ya dalili ya kwanza na siku mgonjwa anapoonwa na mhudumu wa afya mwenye ujuzi. Muda huo una gharama kubwa kuliko dawa yenyewe.

1. Ugonjwa wa akili ni nini?

Ugonjwa wa akili ni hali inayovuruga fikra, hisia au mwenendo wa mtu kwa kiwango cha kumzuia kufanya kazi zake, kuishi vema na wenzake au kujitunza. Huzuni ya msiba, hofu ya mtihani na hasira ya kudhulumiwa ni sehemu ya maisha. Mhudumu wa afya hutazama mambo matatu kabla ya kuita hali fulani ugonjwa: ukali wa dalili, muda ambao zimedumu, na kiasi zinavyoharibu shughuli za kila siku.

Magonjwa haya hayana chanzo kimoja. Urithi wa kifamilia, mabadiliko ya kikemia katika ubongo, majeraha ya kichwa, pombe na bangi, ukatili wa utotoni, ufukara na misiba mizito vyote huweza kuchangia. Hayaambukizi, wala si adhabu kwa kosa la mgonjwa au la wazazi wake.

Hali mbili huchanganywa na magonjwa ya akili. Ya kwanza ni ulemavu wa akili, ambao huanza utotoni na huhusu uwezo wa kujifunza na kuelewa. Ya pili ni kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo, ingawa hapa nchini wagonjwa wake mara nyingi huhudumiwa katika kliniki zilezile za afya ya akili. Povu la mgonjwa wa kifafa haliambukizi. Mtu akianguka karibu na moto au maji, aondolewe mara moja. Kuna watu wanaoishi na makovu makubwa ya moto kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

2. Dalili za kutambua

Sonona. Mgonjwa hukaa na huzuni, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa muda wa wiki 2 au zaidi. Usingizi na hamu ya chakula hubadilika, nguvu hupungua, na mtu hujiona hana thamani. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, au wana mawazo mengi. Mtu wa namna hiyo anaweza kupewa dawa za malaria na za maumivu mara nyingi bila nafuu. Vipimo vikirudi safi na malalamiko yakaendelea, ni haki yako kuomba kuulizwa kuhusu hali yako ya akili.

Wasiwasi uliopitiliza. Hofu hudumu bila sababu inayolingana nayo, pamoja na kutetemeka, kutokwa jasho, kukosa usingizi au kuhisi unakata roho.

Skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini bila kuyumba mambo yasiyo na ushahidi, kwa mfano kwamba jirani anamfuatilia, huzungumza bila mpangilio na hujitenga. Mara nyingi huanza katika ujana au mwanzo wa utu uzima.

Baipola. Ni ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Kuna wakati mgonjwa hulala saa chache tu bila kuchoka, huongea mfululizo na hutumia mali ovyo. Wakati mwingine huzama katika sonona.

Kuchanganyikiwa baada ya kujifungua. Hutokea zaidi katika wiki za mwanzo baada ya uzazi. Ni dharura, kwa kuwa mama na mtoto wote wamo hatarini.

Matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Mtu hushindwa kujizuia hata anapoona wazi kwamba kazi, afya na ndoa yake vinaharibika.

Tahadhari: mtu aliyekuwa mzima akichanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka. Magonjwa hayo huua kwa saa chache, nayo hutibika.

3. Mzigo kwa jamii

Kwa miaka mingi uzito wa magonjwa ulipimwa kwa idadi ya vifo. Kwa kipimo hicho magonjwa ya akili yalionekana madogo. Mwaka 1993 ripoti ya Benki ya Dunia kuhusu afya ilitumia kipimo kipya, kinachojumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu huishi akiwa hajiwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionesha kwamba katika visababishi 10 vikuu vya ulemavu duniani mwaka 1990, 5 vilikuwa vya afya ya akili: sonona, matumizi ya pombe, baipola, skizofrenia, na ugonjwa wa fikra na vitendo vinavyojirudia.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya 8, waliishi na ugonjwa wa akili. Shirika hilo hukadiria kwamba sonona na wasiwasi huupotezea ulimwengu siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba yoyote.

Tarakimu hizo huonekana vizuri zaidi zikiletwa hadi mlangoni mwa kaya moja. Chukulia mfano wa kufikirika wa familia ya Itilima. Kijana wa miaka 21 anaanza kusikia sauti mwezi Novemba, wakati wa kupanda pamba. Ng'ombe mmoja anauzwa kumlipa mganga wa kwanza, na wawili kumlipa wa pili. Mdogo wake wa kike anaacha masomo ili amlinde mchana. Mama haendi shambani, na badala ya ekari 3 zinalimwa ekari 1. Kijana anafungwa kamba ili asitoroke. Mwezi Juni, wenzao wakiwa wanavuna, anafikishwa hospitali akiwa na vidonda mikononi.

Imepita miezi 7. Kaya imepoteza ng'ombe 3, mavuno ya ekari 2 na mwaka wa shule wa binti. Dawa atakayoanza nayo kijana mwezi Juni ndiyo ileile ambayo angeanza nayo Novemba, lakini ugonjwa uliokaa muda mrefu bila tiba huchelewa kuitikia dawa.

4. Tiba asili na ramli

Familia nyingi humwendea mganga kwanza, kwa kuwa yuko karibu, anazungumza lugha yao na anawasikiliza. Mwongozo huu hauwadharau watu hao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua tiba hiyo na kuiweka chini ya Baraza linalosajili waganga. Mlaji ana haki ya kuomba kuoneshwa cheti cha usajili.

Jambo lililo nje ya mipaka ni ramli chonganishi. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Katika magonjwa ya akili, ramli ina hatari ya pekee. Mgonjwa anayesema kwamba bibi fulani anamroga anaeleza dalili ya ugonjwa wake. Mpiga ramli huigeuza dalili hiyo kuwa ushahidi. Kanda ya Ziwa inaijua gharama yake. Wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo huweza kuletwa na moshi wa kuni na samadi jikoni. Hata jina la Gamboshi, kijiji cha wakulima na wafugaji wilayani Bariadi, limevumishwa nchi nzima kwa uchawi. Uvumi haujamponya mgonjwa hata mmoja.

Ikatae huduma yoyote, ya asili au ya kisasa, ikiwa mtoaji wake:

(a) anaahidi kuponya kabisa kwa siku chache;
(b) anaagiza mgonjwa aache dawa za hospitali;
(c) anamfunga minyororo, anamchapa au anamnyima chakula;
(d) anamtaja mtu kuwa ndiye mchawi;
(e) anatoa dawa isiyo na jina wala maelezo ya matumizi.

5. Dawa: mambo ya kuuliza

Kabla ya kuondoka kituoni, uliza maswali matano. Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii inaitwaje, na inatumiwa vipi? Itaanza kufanya kazi baada ya muda gani? Ina maudhi gani? Nirudi lini?

Majibu husaidia kuepuka makosa yanayorudiwa na wengi. Dawa za sonona kwa kawaida huhitaji wiki 2 hadi 4 kabla ya nafuu kuonekana, hivyo anayeziacha baada ya siku 5 hajazipa nafasi. Dawa za skizofrenia, kama vile haloperidoli, zinaweza kukakamaza shingo au kutetemesha mikono. Hali hiyo inatibika. Mgonjwa arudi kituoni badala ya kuacha dawa kimyakimya. Wapo wanaofaa kupewa sindano ya takriban mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Diazepamu huleta usingizi haraka lakini huzoeleka, kwa hiyo isitumiwe bila maelekezo ya mtaalamu. Mgonjwa akipata nafuu, asiache dawa bila ushauri, kwani ugonjwa hurudi.

Usinunue dawa za akili gulioni au kwa mtembezaji. Kagua jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Ukipata madhara usiyoyategemea, au ukitilia shaka dawa, toa taarifa kwa kituo kilichokupa au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

6. Pa kwenda

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, programu iliyoanzia Morogoro na Kilimanjaro ilipeleka huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ili mgonjwa asilazimike kusafiri mbali. Anzia kituo kilicho karibu nawe. Ikihitajika utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyoko Bariadi, na zaidi ya hapo Bugando jijini Mwanza au Mirembe jijini Dodoma.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa kulazwa kwa hiari yake, na inaweka utaratibu wa kufuatwa pale anapolazimika kulazwa bila hiari. Familia iombe kuelezwa utaratibu huo. Asiyemudu gharama aulize kuhusu msamaha wa matibabu.

7. Mtu akitaka kujiua

Kauli za kuchoka kuishi, kugawa mali ghafla au kuaga watu zichukuliwe kwa uzito. Muulize mhusika waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, na mfikishe kituo cha afya mapema. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Kaya za wakulima wa pamba zina wajibu wa ziada. Viuatilifu visikae chini ya kitanda wala jikoni. Vifungiwe kwa kufuli, mbali na nyumba ya kulala. Nchini Sri Lanka, vifo vya kujiua vilipungua sana baada ya viuatilifu vikali kupigwa marufuku. Wazo la kujiua mara nyingi hupita, na umbali wa hatua chache kutoka kwenye sumu huweza kumpa mtu muda wa kuvuka saa hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayotofautisha huzuni ya kawaida na sonona.
2. Kwa nini mtu aliyechanganyikiwa akiwa na homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo?
3. Katika mfano wa familia ya Itilima, ni gharama zipi zingeepukwa kama kijana angefikishwa kituoni mwezi Novemba?
4. Viuatilifu vya kaya yako vimewekwa wapi usiku wa leo?