Fishie ya kilo za kahawa isifunikwe

Wandugu wanamemba, kwa depo moja tuliyotembelea katibu alibandika fishie ya kle juu ya ile ya ordinateri. Mashine iliuliza «Remplacer?», naye akakubali mbio. Kumbe ya kle ilikuwa ya zamani. Kilo za wiki mbili zikapotea, tukazitafuta kwa boni za wakulima, moja moja. Mwenye kupoteza boni yake, ni mabishano.

Kila jioni mufunge programu kwanza, maana fishie iliyo wazi inaweza kukopiwa vibaya. Kisha muikopie kwa kle na jina lenye tarehe, mwaka mbele: kahawa-2025-03-14. Kesho jina lingine. Mashine ikiuliza tena «Remplacer?», mujibu hapana, mulinganishe tarehe watu wawili. Na kle isilale depo.